Mambo ya kuzingatia kabla ardhi haijatikisika tena

Kama unaishi Bukoba, Missenyi, Muleba, Karagwe au popote kandokando ya bonde la ufa la magharibi, soma haya leo na uyatekeleze wiki hii. Tetemeko halina msimu kama masika. La Septemba 10, 2016 lilitupiga Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, ukubwa wa 5.9, na watu 17 wakapoteza maisha. Mimi nilikuwa Hamugembe, hapa Bukoba mjini. Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho, na moja nitalieleza kwa kirefu kwa sababu tulilijua tukiwa tumeshachelewa.

Maji kwanza: madumu mawili yaliyojaa na kufunikwa, yakae nje au karibu na mlango. Tochi. Filimbi kwa kila mtu, maana vumbi hukausha sauti upesi. Dawa za presha na kisukari za wazee ziwe mfuko mmoja na kadi zao za kliniki. Picha za hati na vyeti mtumie ndugu aliye mkoa mwingine. Noti ndogondogo pia, kwa kuwa mtandao ukikatika pesa ya kwenye simu hainunui hata chumvi. Viatu viwe chini ya kitanda, kwa sababu vioo vitakuwa vimemwagika sakafuni.

Nyumba nyingi zilizolala chini kwetu zilikuwa za tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, bila mkanda wa zege juu ya madirisha wa kuzifunga kuta zishikane. Ardhi ikiyumba, kila ukuta unashika njia yake. Kama unajenga sasa, mkanda wenye nondo usiuruke, hata fundi akuambie unapoteza hela. Kama umeshajenga, jua ukuta wenu dhaifu ni upi na ukiondoe hapo kitanda cha mtoto.

Sasa hili la daftari. Naomba mlisome polepole.

Jirani yangu, mama mjane, alikuwa na vyumba vya mbele anavyokaa na wajukuu, na vyumba vitatu vya uani vya kupangisha. Nyumba ilianguka yote. Vumbi lilipopungua tulikuwa tumeshafika watu kama kumi na tano, tuna chepe mbili na sururu moja. Mtu akapiga kelele kwamba mjukuu mdogo yuko chumba cha mbele, amemwona akiingia. Tukaanzia hapo. Tulitoa tofali kwa mikono, tukipeana kwa mstari hadi kwenye migomba, zaidi ya saa nzima. Ghafla mtoto akatokea barabarani na dumu la maji kichwani. Alikuwa ametumwa bombani. Bibi yake alipiga magoti akamkumbatia miguu, sisi tukapiga makofi, tukamshukuru Mungu, tukaanza kusogea nyumba ya pili. Ni mtoto huyohuyo aliyeuliza: "Na anko wa uani? Mchana huwa amelala."

Hakuna aliyejua jina lake. Alikuwa mlinzi wa usiku, amehamia wiki chache tu nyuma, na sisi tulimwita "yule kijana" basi. Tulimkuta chini ya mlango ulioegemea kitanda, mguu umebanwa na kizingiti, kucha zimejaa udongo kwa kukwangua. Alikuwa akitusikia muda wote. Alituambia alisikia hata yale makofi.

Mguu ule haukurudi kama zamani. Kisha ikaja orodha ya misaada, na ikaandikwa kwa majina ya wenye nyumba. Mama akapata turubai, na ilikuwa haki yake. Kijana, magongo kwapani, hakuwa kwenye karatasi yoyote, na usiku ule alilala kwenye kibaraza cha watu asiowajua.

Kwa hiyo mtaani kwetu sasa lipo daftari. Kila nyumba ina mistari yake: nani anaishi hapo, analala chumba kipi, huwa ndani saa ngapi, nani hawezi kutembea au hasikii vizuri, na namba ya ndugu mmoja. Wapangaji waandikwe kwa majina yao, na msiandike tu "wapangaji watatu". Nakala moja ikae kwa mjumbe, nyingine nyumba tofauti kabisa, maana hata kwa mjumbe panaweza kuanguka. Lipitieni kila mwanzo wa mwezi, watu wanapohama. Wapo waliolalamika kwamba tunachungulia maisha yao. Nawaelewa, ndiyo maana hatuandiki kabila wala dini wala nani kaoa nani.

Vifaa vya mtaa, yaani chepe, sururu, jeki ya gari, msumeno na glovu, viwekwe mahali ambapo kila mtu anapajua. Na mkiwa mnafukua, kila baada ya dakika chache mmoja apaze sauti, wote wanyamaze kabisa, muite, msikilize. Sisi tulikuwa tunapigizana kelele tu.

Baada ya hapo, nyumba yenye nyufa usiirudie kuchukua godoro. Mitetemo midogo hufuata, na ukuta uliosimama kwa shida unaweza kuungojea mmoja tu. Piga picha za uharibifu kabla hujasogeza kifusi. Choo cha shimo kikaguliwe kingo zake kabla mtoto hajaingia. Septemba kwetu mvua zinakaribia, basi turubai na kamba viwe vimeshanunuliwa, na mfereji uchimbwe kuzunguka mnapolala.

Mtu akiwaambia tetemeko kubwa zaidi linakuja usiku saa fulani, msiusambaze uvumi huo. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja saa ya tetemeko. La Bukavu, Kongo, na Cyangugu, Rwanda, Februari 3, 2008, liliwakuta watu kanisani Jumapili asubuhi, basi hata kwenye ibada jueni milango iko wapi na isifungwe kwa kufuli. Fungeni gesi, shusheni swichi kuu ya umeme. Msilale chini ya mnara wa tangi la maji. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya turubai hata mvua inyeshe mpaka asubuhi. Watoto wasichezee vifusi, kuna misumari humo na mabati yaliyochanika.