Mswada usiozee chini ya godoro: jinsi ya kumpata mchapishaji, tukimtazama Lindon na Beckett

Jamani nyinyi mnaoandika hapa Mombasa, kila tukikaa barazani Mji wa Kale na kahawa chungu lazima mtu aniulize mchapishaji anapatikanaje, na mie jibu langu ni lile lile, usitafute kampuni, tafuta mtu. Mfano wangu ni Mfaransa Jérôme Lindon, alieongoza kampuni ya vitabu ya Éditions de Minuit pale Paris tangu 1948.

Kwanza tafuta wa kukubebea mswada. Samuel Beckett, yule mwandishi Muairishi alieamua kuandika kwa Kifaransa, alikataliwa na wachapishaji kadhaa, na kubisha hodi za watu hakuwezi kabisa, mtu mwenye haya zake. Aliekuwa akizunguka na zile karatasi ni Suzanne, mwenzake wa maisha, mpaka 1950 zikamfikia Lindon, kijana wa miaka 25 tu. Kwa hivyo kama ulimi wako mzito mpe dadako, mpe rafiki, yeyote aliekisoma kitabu chako chote akakipenda, maana akiulizwa kinahusu nini atajibu vizuri kukushinda wewe.

Pili, kabla hujapeleka popote ingia maktaba au duka la vitabu, shika vitabu vinavyofanana na chako uangalie nani kavitoa. Wangu mie niliupeleka kwa mchapishaji wa vitabu vya shule tu, ukakaa mwaka mzima, nikarudishiwa hata haujafunguliwa, niliumia sana siku ile.

Tatu, na hapa ndo penyewe, mpime mchapishaji anavyosoma. Lindon mwenyewe alisimulia alivyoanza kuisoma Molloy, riwaya ya Beckett, ndani ya treni ya metro akawa anacheka peke yake mbele za watu, akaitoa 1951, mwaka uliofuata akatoa tamthilia yake Waiting for Godot kwa Kifaransa chake. Sasa ukikutana na mchapishaji muulize ukurasa gani ulimkamata. Akianza kukueleza soko tu, na mhusika wako hata jina halikumbuki, chukua mswada wako panda matatu urudi nyumbani.

Tena mwangalie akibanwa anafanyaje. 1958 Lindon alitoa La Question ya Henri Alleg, kuhusu mateso ya jeshi la Ufaransa kule Algeria, serikali ikakikamata kitabu na yeye hakurudi nyuma. Mtu kama huyo hakuachi njiani.

Mkataba usome pole pole, mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, asilimia ngapi na unalipwa lini, hata awe rafiki yako vipi iandikwe.

Urafiki nao uulee. Mjue mwenzio anaweza nini na hawezi nini, kama Lindon alivyomjua Beckett kwamba makelele ya watu yanamchosha, ndo maana tuzo ya Nobel ya fasihi ya 1969 ilipokuja Beckett yuko zake Tunisia, Lindon akasafiri Stockholm kumpokelea.

La mwisho watu wa kwetu hulikimbia sababu linataja mauti. Beckett alimwachia Lindon usimamizi wa kazi zake, na alipofariki 1989 kukawa na mtu wa kuzichunga. Nawe andika nani atashika zako, weka sahihi mbele ya shahidi, nakala moja abaki nayo huyo msimamizi na nyingine mtu wa nyumbani.