Somo: Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za utoto za wazee wa mji wako hapa Uingereza, na kuzihakiki

Kila Septemba shule zikifunguliwa napokea ujumbe uleule: "Dada, mtoto kapewa kazi ya historia ya mji wetu, nianzie wapi?" Nimeshajibu kwa sauti, kwa maandishi, na kwa simu nikiwa nimesimama kwenye basi. Leo naandika mara moja, na mwenye swali asome hapa kwanza. Mfano wangu ni Abingdon, mji mdogo kando ya mto Thames, kusini ya Oxford, ninakoishi huu mwaka wa kumi na nne. Ukiwa Wigan au kijijini Wales, njia ni hiihii.

Hatua ya 1. Tafuta mzee aliyekulia hapohapo. Aliyehamia ukubwani ana mengi ya kusimulia, ila si utoto wa mji huo.

Hatua ya 2. Omba ruhusa, mweleze maneno yake yatakwenda wapi, na usirekodi kwa siri. Akikataa, kunywa chai, zungumzeni mengine, rudi nyumbani.

Hatua ya 3. Nenda na ramani ya zamani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la serikali, za Uingereza nzima, bure, na unaweza kuiweka ya zamani ubavuni mwa picha ya leo ya satelaiti. Chapa kipande cha mtaa wake, ukikuze vizuri. Mimi nilimtandikia jirani yangu ramani mezani, nikanyamaza. Kidole chake kikaanza kutembea chenyewe: kutoka mlangoni kwao Ock Street, kikapita Market Place mbele ya County Hall, kikaingia Stert Street, kikasimama palipokuwa na stesheni. Stesheni haipo tena, treni za abiria zilikoma Septemba 1963. Alikibakiza kidole pale muda mrefu, kisha akaanza kunisimulia habari za baba yake.

Hatua ya 4. Usiulize mwaka.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu. Mzee mmoja alinisimulia jinsi yeye na wenzake walivyotembea juu ya mto ulioganda, katika "ile baridi kubwa". Mimi nilikuwa nimesoma habari za baridi ya 1947, nikamwuliza, "Ni ile ya 1947, sivyo?" Akaitikia tu, kama mtu anavyoitikia akiwa mawazo yako mbali. Nikaandika 1947, ikatoka kwenye jarida la mtaa na jina lake juu. Mzee yule alizaliwa 1953. Aliosoma nao wakamwuliza mbele za watu alitembeaje mtoni miaka sita kabla ya kuzaliwa. Wiki tatu hakunifungulia mlango, na alikuwa na haki. Hakusema uongo hata neno moja. Mwaka niliuleta mimi, nikauweka mdomoni mwake.

Yeye alisimulia baridi nyingine, ya 1962 kuamkia 1963. Zote mbili zilikuwa kali kwelikweli, na wazee huzitaja kwa jina lilelile. Ya 1947 ilianza mwishoni mwa Januari, nchi ikiwa na upungufu wa makaa ya mawe na hata mkate ukiwa wa mgao. Theluji ilipoyeyuka mwezi Machi, Thames ikafurika na maji yakaingia majumbani. Ya 1962 kuamkia 1963 ilianza siku za Krismasi ikashikilia hadi mwanzoni mwa Machi, na barafu ya mto ikawa nene kiasi kwamba pale Oxford gari liliendeshwa juu yake. Kwa watu wa bonde hili swali linalozitenganisha ni fupi: "Baada ya theluji, maji yaliingia ndani?"

Kwa hiyo uliza umri. Uliza alikuwa darasa la nani, alivaa viatu gani, nani alikuwa mgonjwa nyumbani. Kisha mwaka uutafute mwenyewe kwa kuufunga kwenye jambo lenye tarehe. Peremende zilitoka kwenye mgao tarehe 5 Februari 1953, na kuna wazee wanaoikumbuka siku hiyo kuliko harusi zao. Malkia Elizabeth alitawazwa tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Mgao wa nyama, wa mwisho kabisa, ulikwisha Julai 1954. Fedha zilibadilika tarehe 15 Februari 1971, shilingi zikaachwa na pauni ikawa peni mia. Maziwa ya shule ni kigingi kizuri pia: tangu 1946 kila mwanafunzi alipata thuluthi ya painti bure, mwaka 1968 wa sekondari wakaondolewa, na mwaka 1971 wa msingi wenye zaidi ya miaka saba. Jirani yangu alinionyesha kwa vidole viwili jinsi maziwa yalivyoganda kwenye vile vichupa, malai yakachomoza juu na kukiinua kifuniko cha karatasi ya bati kama kofia. Mwalimu alivipanga karibu na jiko ili yayeyuke, wakayanywa yakiwa vuguvugu. Alikunja uso akinisimulia, zaidi ya miaka sitini baadaye.

Onyo: usimmalizie sentensi. Onyo: mume na mke usiwahoji pamoja mara ya kwanza, kumbukumbu ya mmoja humeza ya mwenzake. Onyo: akikosea jambo usimsahihishe palepale. Liandike alivyolisema, ukalihakiki nyumbani.

Hatua ya 5. Hakiki. Sensa hufanyika kila miaka kumi tangu 1801, na majina ya watu yamo kuanzia ya 1841. Hufungwa miaka 100, hivyo ya karibuni iliyo wazi ni ya 1921, iliyofunguliwa Januari 2022 kwa England na Wales. Ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, iliyoandikwa kwa ajili ya vitambulisho vya wakati wa vita. Wanaodhaniwa bado wako hai wamefunikwa humo, msishangae. Kwa wenye maduka, tazama vitabu vya Kelly's vilivyowaorodhesha mtaa kwa mtaa. Maktaba nyingi zina kompyuta zenye tovuti za kulipia ambazo wewe unazitumia bure ukiwa humohumo ndani, kwa hiyo uliza kabla ya kutoa kadi ya benki.

Jambo la kaunti nalo lilinigharimu siku nzima na nauli. Tarehe 1 Aprili 1974 mipaka ilipangwa upya. Abingdon iko Oxfordshire leo, lakini kabla ya hapo ilikuwa Berkshire, tena ndiyo iliyokuwa makao makuu ya kaunti hadi Reading ilipoichukua nafasi hiyo miaka ya 1860. Mimi nikaenda Oxford kutafuta vitabu vya parokia ambavyo viko Reading. Bournemouth nayo ilikuwa Hampshire, leo ni Dorset. Angalia kwanza mji wako ulikuwa wa nani wakati mzee wako yuko mtoto.

Hatua ya 6. Ukishaandika, mrudishie asome kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 7. Peleka nakala maktaba ya mji. Usiiache kwenye simu.

MASWALI

baba_wa_slough: Dada asante sana. Naomba kiungo cha historia ya Slough.

Jibu: Hatua ya 1, kaka.

baba_wa_slough: Nimeisoma, ila muda sina, mtoto anawasilisha kesho.

Jibu: Basi leo jioni mpeleke kwa jirani aliyekulia hapo, amwulize swali moja tu: ulipita njia gani kwenda shule? Itamtosha kwa kesho.

mpemba_wa_leeds: Shikamoo dada. Bibi wa ghorofa ya chini anasema alipewa shilingi moja kila Jumamosi na alirudi na peni nne. Nimepiga hesabu ya shilingi yetu ya senti mia, haitoki.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, umefanya vizuri kupiga hesabu. Shilingi yao ilikuwa peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja, yaani pauni nzima peni 240. Kwa hiyo bibi yako alitumia peni nane. Mwulize zilikwenda wapi moja baada ya nyingine: sinema ngapi, peremende ngapi, basi ngapi. Ukishazipanga zote nane unayo Jumamosi yake nzima. Na mwombe akuonyeshe sarafu ya peni tatu kama amehifadhi, ile ya shaba yenye pembe kumi na mbili. Mwanao aishike mkononi.

zamu_ya_usiku: Mimi nafanya kea. Wazee ninaowahudumia wanasimulia usiku kucha. Naweza kurekodi?

Jibu: Hapana, si ukiwa kazini, na si bila ruhusa ya mzee mwenyewe, ya familia na ya meneja wako. Aliyepoteza kumbukumbu hawezi kukupa ruhusa, hata akicheka nawe. Lakini wasikilize, dada yangu. Familia ikija, waambie, "Mama jana alitaja kiwanda fulani," na waachie wao waendelee. Nimeona mwana analia kwa jambo dogo la namna hiyo, hakuwahi kusikia kuwa mama yake alifanya kazi kiwandani.

mkweli_daima: Samahani, lakini tunahangaika na utoto wa Waingereza wakati wa kwetu hakuna anayeuandika. Huu ni utumwa wa mawazo.

Jibu: Wa kwetu naandika. Bibi yangu Tanga, kabla hajafariki, nilimrekodi jumla ya saa kumi na moja, kwa hatua hizihizi. Naye hakunitajia mwaka hata mmoja. Alihesabu kwa njaa, kwa mvua, kwa nani alikuwa na mimba ya nani, na kwa uhuru. Ndiyo maana nilipokosea kwa yule mzee wa hapa iliniuma, nilipaswa kujua. Na watoto wetu wanakulia mitaa hii. Siku moja wao ndio watakaoulizwa walipita njia gani kwenda shule.

mkweli_daima: Nimekuelewa. Hilo la kuhesabu kwa mimba mama yangu pia anafanya.

Jibu: Basi mpigie leo.

juma_glasgow: Sensa ya 1951 naipata wapi?

Jibu: Hatua ya 5. Ongeza 100.

juma_glasgow: Ni kali dada. Huku Scotland mambo ni hayohayo?

Jibu: Hilo ndilo swali zuri. Scotland ina kumbukumbu zake: vizazi, ndoa na vifo vinaandikishwa na serikali tangu 1855, wakati England na Wales zilianza Julai 1837. Tovuti yenu ni ScotlandsPeople. Na mmebahatika: sensa yenu ya 1931 haikuungua.

hodi_hodi: Hiyo County Hall si ndiyo wanaporusha mikate?

Jibu: Ndiyo hiyohiyo. Kukiwa na sherehe ya kifalme, madiwani hupanda juu ya paa na kurusha mikate midogo yenye zabibu, uwanja mzima umeinua mikono. Makumbusho ya humo ndani yamehifadhi ya miaka ya nyuma, imekauka kama mawe. Jirani yangu alidaka mmoja siku ya kutawazwa kwa Malkia 1953, akaula nusu, nusu akampelekea mdogo wake aliyekuwa na surua. Surua hiyo ndiyo iliyonisaidia kupanga miezi mingine yote ya mwaka ule.

hodi_hodi: Na yale maonyesho ya Oktoba, ya bembea?

Jibu: Yanajaza Ock Street nzima. Zamani palikuwa mahali pa kuajiri watumishi wa mwaka. Wiki moja baadaye hufuata maonyesho madogo yanayoitwa ya watoro, kwa waliokwisha kujuta kwa bwana mpya. Mwulize mzee yeyote wa hapa alipanda nini kwanza.

fundi_luton: Nyongeza: simu ukiilaza juu ya meza inanasa kila kikombe kinachowekwa. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, na izimie mtandao isije ikaita katikati.

Jibu: Asante fundi, hili naliongeza kwenye hatua ya 2.

mama_wawili: Dada, mimi niko Caversham. Nimemwuliza mzee wa jirani swali lako la maji. Anasema yaliingia ndani, baba yake akapandisha viti juu ya meza na wao wakahamia chumba cha juu. Ni 1947?

Jibu: Ni 1947, Caversham iliumizwa sana na mafuriko yale. Nyumba bado ni ileile?

mama_wawili: Ileile. Amezaliwa humo.

Jibu: Basi rudi na mtoto na rula. Mwulize maji yalifika ngazi ya ngapi, mpime pamoja.