Mtoto mwepesi wa moyo na shule mpya: tulivyofanya baada ya kuhamia Majengo, Mombasa

Tulitoka Lamu mwezi wa nne, likizo ya muhula wa kwanza, baba yao alipopata kazi bandarini Kilindini. Tulifika Mombasa Jumamosi magharibi, na Jumatatu mwanangu wa kiume, miaka tisa, akawa amekaa darasani Gredi ya nne. Mtoto aliyekulia kwenye vichochoro visivyopita gari, ambako kikubwa cha kumpisha ni punda mwenye mizigo, nilimpa siku moja tu ya kuizoea Barabara ya Jomo Kenyatta na matatu zake. Hilo lilikuwa kosa langu, na ndilo limenifanya niandike haya.

Dada yake hakuwa na shida. Siku ya tatu tayari alikuwa akitaja majina ya rafiki zake. Huyu mdogo, wiki ya tatu bado alikuwa akitapika chai kila tukikaribia lango la shule. Nikamkaripia, nikamlinganisha na dadake, nikamwambia ajikaze. Akajikaza kweli: akaacha kulia na akaacha kusema.

Mtoto mwepesi wa moyo utamjua. Ukimkaripia mwenziwe, yeye ndiye machozi yanamlengalenga. Lebo ya shati humkera siku nzima. Mgeni akiingia nyumbani, yeye huona kabla yenu nyote kwamba mgeni ana huzuni. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, aliyeanza kuandika juu ya watu wa namna hii miaka ya 1990, hukadiria kuwa ni kama watu 15 hadi 20 katika kila 100. Basi kwenye darasa la watoto 50 huenda wako wanane hadi kumi, na mwalimu hawajui kwa sababu hawapigi kelele. Hawana ugonjwa wala hawakudekezwa. Shule yenyewe haiwashindi; kinachowashinda ni mambo kumi mapya kuwajia asubuhi moja. Kazi yako mzazi ni kuyapunguza, yamfikie moja moja.

Kama shule hazijafunguliwa, anza na njia. Pita naye kutoka mlangoni kwenu hadi langoni kwa saa ileile atakayokuwa akipita, si Jumapili mji umetulia. Sisi tulianza kuchelewa, wiki ya nne, na bado ilisaidia. Tukachagua alama zetu: muuza makaa, msikiti wenye mlango wa kijani, mama anayeuza mahamri na mbaazi. Penye barabara kubwa tukakubaliana kusimama, kuhesabu mpaka tano, ndipo tuvuke. Mwambie mapema kuwa honi zitalia. Kelele aliyoambiwa huistahimili. Ile inayomshtukiza ndiyo humvuruga. Mweleze pia kengele inavyolia, na akiingia shule msimu wa masika kama mwanangu, mweleze mvua inavyogonga mabati ya darasa hadi mwalimu hasikiki.

Ukifika shuleni omba aonyeshwe vitu vitatu: darasa lake, bomba la maji na choo. Choo usikidharau hata kidogo. Mwanangu alikuwa hanywi maji tangu asubuhi mpaka anarudi, katika joto hili la Mombasa, ili asihitaji kwenda. Kila jioni kichwa kinamuuma, nami nampa dawa nikidhani ni homa. Kumbe aliogopa mlango ungemfungia ndani. Bawabu wa shule, mzee mpole, alimpeleka siku moja wakati watoto wote wako darasani, akamfundisha komeo linavyosukumwa na kurudishwa. Wiki hiyohiyo kichwa kikaacha kuuma.

Sasa sare, na hapa nazungumza kama fundi cherehani. Kaptura na mashati ya dukani mengi ni tetroni, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, hayapitishi hewa, na mshono wa ndani uliopigwa ovaloki, ule wa kuzungushia kingo, huchubua. Mtoto mwingine hatajali. Huyu atakaa masomo yote akiwaza shingo yake. Fumua lebo yote kwa wembe au kifumulio, usiikate kwa mkasi, maana kile kipande kinachobaki huchoma kuliko lebo nzima. Ndani ya kola shonea kitambaa chepesi cha pamba. Mimi nilinunua nusu mita Biashara Street na kikatosha mashati matatu. Fua sare mara mbili tatu kabla hajaivaa, ipoteze ule ukakamavu na ile harufu ya duka. Viatu navyo avae nyumbani wiki nzima.

Jambo moja zaidi la sindano. Bibi yake alituachia leso yake kuukuu, imefuliwa mpaka imelainika kama unga. Nilikata kipande cha kiganja, nikakishona ndani ya mfuko wa kulia wa kaptura, kule chini pasipoonekana. Hakuna mtoto anayemwona akiingiza mkono mfukoni akamcheka. Mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba akiitwa kusoma mbele ya wenzake, mkono wa kulia huenda mfukoni kwanza, halafu sauti ndiyo hutoka.

Kwa mwalimu wa darasa usiende asubuhi, wakati ana watoto 50 na wazazi watano mlangoni. Nenda alasiri, wakishatawanyika, na umwachie karatasi fupi, kwa sababu maneno ya mdomo atayasahau. Yangu ilikuwa hivi: “Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ni mgeni kutoka Lamu. Akinyamaza usidhani ana kiburi, anaangalia kwanza. Ukilikaripia darasa zima, yeye huona umemkaripia yeye. Hataomba ruhusa ya kwenda chooni, naomba umwambie unapowaambia wengine. Ukimpa kazi ndogo ya mikono ataifanya kwa furaha. Asante, Mwalimu.” Akampa kazi ya kugawa madaftari. Kazi hiyo peke yake ilimfundisha majina ya darasa zima bila kulazimika kumuuliza mtu, “Waitwaje?”

Lililomuumiza kuliko yote, mimi sikulitarajia kabisa: lugha. Nilijua tumehamia kwa Waswahili wenzetu. Siku moja uwanjani alimwita mwenziwe, “Ndoo!” Kwetu Lamu ndiyo njoo, hatuna nyingine. Wavulana wawili wakakimbia nyuma ya darasa wakaleta ndoo ya maji, wakaiweka miguuni mwake. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo akawa anaongea kwa kichwa, ndiyo na hapana, hata nyumbani. Mimi nilipata habari kutoka kwa dadake, siku nne baadaye.

Mambo kama hayo yakikufika, usimwambie mtoto aache lugha ya kwao, na usimwambie eti ni mzaha apuuze. Kwake si mzaha. Nilimkalisha, nikamwambia ana maneno mawili ambapo wenzake wana moja. Tukaandika kwenye daftari: ndoo na njoo, ndia na njia, mato na macho. La nyumbani upande huu, la shuleni upande ule. Nikamweleza kuwa mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapahapa Mombasa, wakakubaliana Kiswahili cha Unguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Kwa hiyo lugha yetu ya Lamu, Kiamu, haikushindwa wala haina makosa, ni watu walichagua. Alitulia sana aliposikia hilo. Akaniuliza, “Wangechagua Kiamu je?” Nikamwambia hapo wenzako ndio wangeletewa ndoo.

Aliyemaliza kazi lakini ni jirani yetu, bibi wa Kimvita, Mswahili wa Mombasa, wa miaka sabini na kitu. Alimsikia akisema “ndia” akaitika kwa “ndia” yake, kama jambo la kawaida, kwani kwao pia husemwa hivyo. Mtoto alinitazama kana kwamba amekutana na mtu wa nyumbani. Mtafutie mtoto wako mtu mzima mmoja wa mtaani anayeongea kama kwenu, hata kama ni wa kusalimiana tu. Na kwa mwalimu nililisema wazi jambo la ile ndoo, bila kutaja majina ya wale watoto. Aliandika yale maneno ubaoni kwenye somo la Kiswahili, akauliza nani ana mengine ya kwao. Mgiriama akatoa lake, Mtaita akatoa lake.

Kuagana kuwe kufupi. Nilikuwa nabaki langoni nusu saa, naye akinitazama kupitia matundu ya ukuta akilia zaidi. Sasa ni mkono, busu la kichwani, “Saa tisa na nusu niko chini ya mwarobaini,” na naondoka. Lakini hiyo saa tisa na nusu uwepo kweli. Ukichelewa dakika kumi umepoteza wiki nzima ya kazi.

Akirudi, mwache. Usimpokee kwa “Haya, shule ilikuwaje?” Mpe maji, mpe chakula, akae kimya. Wangu huja kukaa karibu na cherehani, ananipa mgongo, anaokota pini zilizoanguka kwa kipande cha sumaku, na pini ya saba au ya nane maneno huanza kutoka. Ukimgeuza akutazame, yanakatika. Ukitaka kuuliza, uliza kitu kidogo: “Leo ulikaa karibu na nani?”

Chuo cha Kurani nilikichelewesha, na wapo walionilaumu. Shule mpya na madrasa mpya kwa siku moja ni mzigo mzito kwa mtoto huyu. Nilikwenda kwa maalim nikamweleza, akasema nimlete baada ya mwezi, na hapo nyumbani tukawa tunarudia zile sura alizokwisha kuhifadhi.

Rafiki mtafutie mmoja, usimwalike mtaa mzima. Muulize mwalimu nani mpole anayekaa naye karibu. Nilimfungia mwanangu mabuyu mafungu mawili badala ya moja, sikumwambia ampe nani. Siku ya tatu fungu la pili lilipata mwenyewe, na Jumamosi iliyofuata huyo kijana alikuja kucheza gololi uani kwetu, saa moja tu, kisha mamake akamfuata.

Lakini tofautisha wepesi wa moyo na madhara. Akiwa miezi miwili imepita bado halali, anakojoa kitandani naye alikwisha kuacha, au anarudi na alama mwilini, hilo si suala la kuzoea. Mpeleke kwa daktari, na muulize kwa upole kama kuna anayempiga. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na hata kumtesa kwa maneno, awe ni mwalimu au mtu yeyote. Nambari 116 hupokea simu za mambo ya watoto bila malipo.

Na jiandae kwa ufunguzi wa pili. Likizo ya mwezi wa nane tulirudi Lamu, na nilidhani yamekwisha, ila usiku wa kuamkia safari tumbo likaanza kumuuma tena. Safari hii tulirejea Mombasa siku nne kabla. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliipita njia yetu yote, tukahesabu mpaka tano penye barabara. Kwa mama wa mahamri alinunua yeye mwenyewe, manne, akalipa na akangoja chenji yake.