Somo: Kutoka kwa kazi za kila siku bila biashara kulala

Leo tuongee na wewe umeajiri watu sita na bado simu haitulii. Utasema umewaachia kazi, na ni kweli kazi umeachia, lakini uamuzi umeukalia, ndio maana ukienda ushago mazishini oda zinalala mpaka upatikane. Nitatumia mfano wa karakana ya yunifomu pale Uhuru Market Jogoo Road, Nairobi, juu Januari shule zikifungua hii shida inaonekana wazi huko.

Hatua ya kwanza, chukua daftari, wiki nzima andika kila swali unaloulizwa. Sio kazi unazofanya, maswali. "Bosi, huyu mama anataka sweta tatu kwa bei ya mbili." "Bosi, uzi wa maruni umeisha." "Bosi, kola imepinda, nipeane hivo?" Wiki ikiisha utaona ni maswali yale yale machache yanazunguka tu.

Hatua ya pili ndio kubwa. Kila swali linalorudi lipe jibu la kudumu na mpaka. Bei: sweta ni hii, kuanzia dazeni unapunguziwa hadi hapa, chini ya hapo hakuna hata kama ni shangazi yangu. Matumizi: uzi, zipu, vifungo, mtu wako anunue mpaka elfu tano kwa siku bila kukupigia, alete risiti, ikipita hapo ndio apige. Hiyo elfu tano sijaitoa kwa kitabu, weka kiasi ambacho kikipotea utaumia lakini hutafunga duka. Ubora nao usiuandikie insha, hakuna fundi atasoma kurasa nne. Tundika ukutani shati moja lililoshonwa sawa, kola, mfuko na mshono vyote vionekane, haifanani na hiyo haitoki. Ya kukata kitambaa, mwambie yule anayejua akate huku anaeleza, mrekodi na simu, vile anapanga pateni (vile vielelezo vya kukatia) kubwa kwanza halafu ndogo zinaingia kwa mapengo, kwa sababu hapo kwa meza ya kukata ndipo faida inaishia kwa vipande vya sakafuni.

Tatu, pesa. Wacha kulipwa kwa laini yako binafsi, chukua till, ile namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu, wafanyakazi waone malipo yakiingia lakini laini ya kutoa ibaki yako. Na anayeagiza kitambaa asiwe ndiye anakipokea na kupima mita. Si ati wezi wamejaa, ni vile mtu mmoja akishika zote mbili hata akikosea tu hakuna wa kuona.

Nne, uliyempa uamuzi mwongeze mshahara. Hapa wengi tunajifanya hatusikii. Na kazi ikiwa ya miezi mitatu kwenda juu, sheria ya ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi. Mambo ya PAYE, ile kodi unayokata kwa mshahara wa mfanyakazi, ambayo inafaa kufika KRA, wale wa kukusanya kodi, kabla tarehe 9 ya mwezi unaofuata ipite, tafutia mhasibu wa kulipwa kidogo kila mwezi, wacha kukesha nayo.

Halafu potea. Asubuhi moja kwanza, halafu siku, halafu wiki, ila usianze Januari tafadhali. Ukirudi ukute ameamua tofauti na vile ungeamua lakini iko ndani ya mpaka, nyamaza. Ukimrekebisha mbele ya mafundi, kesho atakupigia hata ya sindano. Huo muda tembelea shule, oda za Januari zinatafutwa mapema sana, sio ukiwa umeinama kwa cherehani.

MASWALI

Niko na kinyozi Umoja, vijana wawili tu, nitaachia nani?
— Kaka, wawili wanatosha. Mmoja mpe ununuzi pekee, spiriti, wembe, taulo. Akiushika vizuri ongeza kitu kingine. Cheo cha meneja usimpe bado, hapo kwa watu wawili utamkasirisha tu yule mwingine.

Nikimfundisha yote si atafungua yake hapo jirani?
— Anaweza, na wengine watafungua. Kwa hivyo shule zako na wale wanakuuzia kitambaa kwa jumla, baki nao wewe kwa sasa. Kukata atajua hata usipomfundisha, si anakuangalia kutwa?

Na kama uliyemwachia ni shemeji? Wangu amezoea kutoa kwa droo na siwezi mfukuza.
— Dada, pole. Usimfukuze. Kila kinachotoka kwa droo kiandikwe na kikatwe kwa mshahara mwisho wa mwezi, na wewe pia ukichukua ya unga andika, tena mbele yake. Mzee wako naye mwambie kabla hujaanza, asije akayasikia ya daftari kutoka kwa mama mkwe.