Kupokea maziwa bila mtandao: foleni ya SQLite isiyohesabu lita mara mbili

Kituo kipo juu Kibosho, mkoani Kilimanjaro, katikati ya migomba, na mtandao wa simu huko huja na kuondoka kama ukungu wa mlimani. Asubuhi kina mama wanafika na ndoo na madumu, karani anachovya laktomita (kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji), anapima, anaandika, na wote wana haraka. Programu yangu ya kwanza pale ilikuwa fupi: laptopu inapeleka kila pokezi (maziwa ya mkulima mmoja yaliyopimwa mara moja) moja kwa moja kwenye seva, ikishindwa inajaribu tena. Wiki ya pili karani akanipigia simu.

"Mwanangu, hii mashine yako inamzidishia mama wa watu maziwa. Ng'ombe wake ni mmoja tu."

Daftari lake la karatasi lilionyesha lita 7 na nusu. Seva ilionyesha lita 15. Laptopu ilikuwa imetuma, seva ikaandika vizuri, ila mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Kwa laptopu, kimya kile kilikuwa sawa na kushindwa, kwa hiyo ikatuma tena. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa msimbo uliokosewa. Kilichokosewa ni mpango mzima.

Mwongozo huu ni wa kujenga mpango ule upya. Nachukulia kwamba unajua Python na SQL za kawaida, na una seva mahali fulani. Upande wa kituo hatutapakua kitu: `sqlite3`, `uuid`, `json` na `urllib` vyote vinakuja na Python.

Hatua ya 1: Andika kwenye diski kwanza, mtandao baadaye

Karani akibonyeza "Hifadhi", pokezi liingie kwenye faili la SQLite hapohapo kituoni, na skrini iseme limeingia. Kutuma ni kazi nyingine, ya programu nyingine inayokimbia nyuma, na karani hapaswi kuisubiri. Bando likiisha siku tatu, kituo kinaendelea kupokea maziwa.

Kwa nini SQLite? Kwa sababu ni kanzidata iliyo faili moja, haina seva ya kuwasha, na imezoea shida. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, na leo imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Kwanza angalia toleo ulilonalo:

```
python3 -c "import sqlite3; print(sqlite3.sqlite_version)"
```

Unahitaji 3.37 au zaidi, la Novemba 2021, kwa sababu tutatumia `STRICT`. Bila neno hilo SQLite hukubali hata maandishi kwenye safu ya namba, na siku moja karani atakuandikia "saba" nayo itapita bila kelele.

```
import sqlite3, uuid, time, json, urllib.request

db = sqlite3.connect("maziwa.db", timeout=10)
db.execute("PRAGMA journal_mode=WAL")
db.execute("PRAGMA synchronous=FULL")
db.execute("""
CREATE TABLE IF NOT EXISTS mapokezi (
  id            TEXT PRIMARY KEY,
  mkulima       INTEGER NOT NULL,
  ml            INTEGER NOT NULL CHECK (ml <> 0),
  zamu          TEXT NOT NULL CHECK (zamu IN ('asubuhi','jioni')),
  wakati        INTEGER NOT NULL,
  inasahihisha  TEXT,
  imetumwa      INTEGER NOT NULL DEFAULT 0
) STRICT""")
```

`WAL` (write-ahead log: mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) inaruhusu programu ya kutuma isome huku karani anaandika, bila kuzuiana. Lakini tazama mstari wa `synchronous`. Ukitafuta ushauri wa kuongeza kasi utaambiwa uweke `NORMAL` pamoja na WAL. Ni kweli inakimbia zaidi, na faili haliharibiki. Ila umeme ukikatika, miamala ya mwisho uliyokwisha kuambiwa imehifadhiwa inaweza kupotea. Kituo kinachopokea ndoo moja kila dakika hakina haja ya kasi hiyo. Weka `FULL`, usubiri diski.

Maziwa nayapima kwa mililita, namba nzima. Lita 7 na nusu ni 7500. Ukitumia desimali za kompyuta, 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, na ukijumlisha mwezi mzima utakuja kubishana na mhasibu juu ya kitu ambacho wote wawili hamkioni. Fedha hivyohivyo: shilingi, namba nzima.

Jedwali lina namba ya uanachama tu. Majina na namba za simu zinakaa seva, si kwenye laptopu inayolala kwenye kabati lenye kufuli la elfu tatu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, hilo si suala la adabu peke yake.

Hatua ya 2: Kitambulisho kizaliwe kituoni

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo twende taratibu.

Dawa ya kwanza iliyonijia baada ya simu ya karani ilikuwa kuiambia seva ikatae marudio: mkulima yuleyule, tarehe ileile, zamu ileile, basi kataa. Nikapanda hadi kituoni kumweleza karani. Tukiwa tunaongea, akaingia mtoto wa darasa la tatu hivi, ameshika kidumu cha lita 3 kwa mikono miwili. "Shikamoo bibi. Mama amesema haya ndiyo yaliyobaki." Mama yake alikuwa ameshaleta lita 6 saa nzima kabla. Mkulima mmoja, siku moja, zamu moja, mapokezi mawili halali. Dawa yangu ingemnyang'anya lita 3.

Kwa hiyo huwezi kutambua marudio kwa kuangalia yaliyomo. Unahitaji alama inayosema "hili ni tukio lilelile", na alama hiyo lazima iwekwe mara moja, pale tukio linapotokea, kabla mtandao haujahusika. Seva haiwezi kuitoa, kwa sababu seva haijui kama inachokiona ni kidumu cha pili au ni ujumbe uleule umekuja tena.

```
def pokea(mkulima, ml, zamu, inasahihisha=None):
    kit = str(uuid.uuid4())
    with db:
        db.execute(
            "INSERT INTO mapokezi (id, mkulima, ml, zamu, wakati, inasahihisha)"
            " VALUES (?,?,?,?,?,?)",
            (kit, mkulima, ml, zamu, int(time.time()), inasahihisha))
    return kit
```

UUID ni kitambulisho kirefu kisichojirudia; ya toleo la 4 ina biti 122 za kubahatisha, kwa hiyo vituo viwili havitagongana hata kama havijawahi kuwasiliana. Namba za kupanda 1, 2, 3 hazifai hapa: kila kituo kitakuwa na namba 1 yake.

Nachapa herufi nne za mwisho za kitambulisho kwenye skrini, karani anaziandika kwenye kadi ya mama pembeni ya lita. Ni jambo dogo, lakini likitokea bishano mwisho wa mwezi, tunatafuta kwa herufi zile badala ya kukumbushana nani alivaa kitenge gani.

Tukiwa hapa: usimruhusu mtu kuhariri pokezi. Karani akikosea, akaandika 75000 badala ya 7500, programu inaongeza mstari mpya wa -75000 wenye `inasahihisha` ikitaja kitambulisho cha lile kosa, halafu mwingine wa 7500. Wahasibu walifanya hivyo kwenye vitabu vyao zamani kabla yetu. Kwa kutuma pia inarahisisha mno, maana mstari usiobadilika hauna mgongano wa "nani alihariri mwisho".

Hatua ya 3: Tuma kwa mafungu, amini jibu tu

Mistari yenye `imetumwa=0` ndiyo foleni yetu: inasubiri hadi seva ikiri kuwa inayo.

```
def tuma(anwani, tokeni):
    safu = db.execute(
        "SELECT id, mkulima, ml, zamu, wakati, inasahihisha"
        " FROM mapokezi WHERE imetumwa=0 ORDER BY rowid LIMIT 50").fetchall()
    if not safu:
        return 0
    ombi = urllib.request.Request(
        anwani, data=json.dumps(safu).encode(),
        headers={"Content-Type": "application/json",
                 "Authorization": "Bearer " + tokeni})
    with urllib.request.urlopen(ombi, timeout=20) as jibu:
        zilizofika = json.load(jibu)
    with db:
        db.executemany("UPDATE mapokezi SET imetumwa=1 WHERE id=?",
                       [(k,) for k in zilizofika])
    return len(zilizofika)
```

Anwani iwe ya HTTPS, na kila kituo kiwe na tokeni yake (neno la siri la kuitambulisha laptopu kwa seva) ili laptopu ikiibwa ufunge hiyo moja tu. `timeout=20` usiisahau. Bila hiyo, muunganisho uliokufa kimyakimya unaweza kuiacha programu imeganda hadi jioni, na hutaona kosa lolote kwenye kumbukumbu.

Ikishindwa, subiri sekunde 30, kisha 60, kisha 120, usizidi dakika 15, na kila mara ongeza sekunde chache za kubahatisha. Mnara ukirudi baada ya mvua, vituo vyote vinauona kwa wakati mmoja. Visigonge mlango wa seva vyote pamoja.

Hatua ya 4: Upande wa seva, na kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya

Amri yenyewe ni hii tu:

```
INSERT INTO mapokezi (id, mkulima, ml, zamu, wakati, inasahihisha)
VALUES (?,?,?,?,?,?)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING
```

Inafanya kazi kwenye SQLite tangu 3.24 na kwenye PostgreSQL tangu 9.5 (huko alama za nafasi zitakuwa `%s` ukitumia psycopg, maktaba ya Python ya kuongea na PostgreSQL). Fungu zima liwe muamala mmoja, na jibu litoke baada ya `COMMIT`, si kabla.

Sasa swali: urudishe vitambulisho vipi? Akili inakuambia urudishe vile vilivyoingia sasa hivi. Usifanye hivyo. Pokezi lililokwisha kuingia jana halitakuwemo kwenye jibu la leo, laptopu haitaliwekea alama, na italituma tena na tena. Yakijaa mapokezi 50 ya namna hiyo mbele ya foleni, hakuna jipya litakalopita. Rudisha kila kitambulisho kilichomo kwenye kanzidata sasa, kiwe kipya au cha zamani. Laptopu inauliza "unalo?", haiulizi "umelipata leo?"

Hatua ya 5: Saa

Karani aliniuliza kwa nini maziwa ya asubuhi yameandikwa saa sita mchana. Nilikuwa nimeweka kisanduku cha kuandika saa, naye akaandika 12, kwa sababu ilikuwa saa 12 asubuhi. Yeye hakukosea. Kisanduku nikakiondoa: wakati unachukuliwa na mashine kwa sekunde za UTC, zamu inachaguliwa kwa vitufe viwili vikubwa, na kwenye skrini naonyesha saa kama inavyosemwa. Tanzania ipo UTC+3 mwaka mzima, hivyo hesabu ni nyepesi:

```
t = time.gmtime(wakati + 3*3600)
saa = (t.tm_hour - 6) % 12 or 12
```

Laptopu kuukuu ina tatizo jingine: kibetri kidogo cha saa kikifa, kila ikizimwa inaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Kabla ya kuruhusu pokezi jipya, linganisha saa ya sasa na `MAX(wakati)` ya jedwali. Ikiwa imerudi nyuma, simamisha na mwambie karani arekebishe tarehe. Ndiyo maana pia foleni naipanga kwa `rowid`, si kwa wakati.

Hatua ya 6: Chelezo

Usinakili `maziwa.db` kwenda kwenye flashi huku programu inakimbia. Kwenye WAL, mapokezi mapya yanaweza kuwa bado yamo kwenye `maziwa.db-wal`, na nilishawahi kubeba flashi hadi mjini nikakuta haina asubuhi nzima. Tumia hii, inatoa faili moja kamili:

```
VACUUM INTO '/media/flashi/maziwa-chelezo.db'
```

Faili la jina hilo likiwepo tayari litakataa, kwa hiyo weka tarehe kwenye jina.

Hatua ya 7: Livunje mwenyewe

Kwenye seva ya majaribio, baada tu ya `COMMIT` na kabla ya kujibu, weka `os._exit(1)`. Tuma fungu mara tatu, ukiiwasha seva upya kila mara. Ondoa mstari ule, tuma mara ya nne. Idadi ya safu kwenye seva lazima ilingane na ya kituoni, na `imetumwa=0` zisibaki.

Jaribio la umeme nililifanya kituoni, karani akiangalia. Niliandika kitanzi kinachoita `pokea` kwenye kanzidata ya majaribio na kuonyesha herufi nne baada ya kila moja kuhifadhiwa, tukakipunguza mwendo ili yeye aziandike daftarini. Katikati nikachomoa waya, kisha nikavuta betri. Karani akaruka kidogo. Tukawasha tena, nikafungua jedwali, naye akawa anasoma kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, bila haraka yoyote. Daftari lilikuwa na 41. Jedwali lilikuwa na 42: moja iliingia kwenye diski kabla haijaonekana kwenye skrini.

"Hiyo ya ziada ni ya nani?" akauliza.

Nikaongeza kwenye programu skrini ya kuanzia siku: ikiwaka baada ya kuzimika vibaya, inaonyesha pokezi la mwisho na kumtaka karani alikubali au aliandikie la kinyume.