SOMO: Jinsi VVU vinavyochagua RNA ya kupakia (kwa uzi na mkasi)

Kila muhula naulizwa lile lile: "Mwalimu, seli imejaa RNA zake yenyewe, virusi vinaijuaje yao?" Leo naandika mara moja. RNA ni uzi wa maelekezo ya kijeni, na kupakia ni kuitia RNA ya VVU ndani ya kirusi kipya kinachojengwa kwenye seli. Tafuteni uzi wa sufu mwekundu na mweupe (hapa Kisumu upo Kibuye), pini za nywele na rula.

Hatua 1. Kata nyuzi tatu nyekundu, kila moja sentimita 92. Sentimita moja ni herufi 100 za RNA (A, C, G na U). RNA nzima ya VVU-1 ina takriban herufi 9,200.

Hatua 2. Nyeupe nyingi, urefu wowote. Hizo ni za seli.

Hatua 3. Mkato. Hapa niliharibu mbele ya kidato cha nne. Nilikata uzi mmoja kwenye sentimita ya 4, nikaufunga na mkia wake kuonyesha RNA fupi, yaani nakala ya VVU ambayo seli imeikata kipande cha kati na kuiunga. Msichana wa dawati la mbele akapima kwa rula: "Mwalimu, hiyo fupi bado ina ishara yote. Mbona isipakiwe?" Alikuwa sahihi. Ishara ya kupakia, psi, iko kwenye sentimita tatu na nusu za mwanzo, na seli hukata karibu na 2.9, katikati ya ishara. Kitanzi cha kushikana na RNA nyenzake kinabaki. Kitanzi kilicho kati ya 3.1 na 3.3 kinaondoka. Tia alama kwa kalamu KABLA ya kushika mkasi. Na usiwaambie wanafunzi RNA fupi haina ishara kabisa. Ina kipande tu, na kipande hakijikunji ipasavyo.

Hatua 4. Nyuzi mbili nzima: kunja vitanzi, zibane pamoja kwa pini kwenye 2.5. Hupakiwa mbili zilizoshikana.

Hatua 5. Mkono wako ni Gag, protini inayojenga gamba la kirusi. Gumba na shahada ni vidole vyake viwili vya zinki, vinavyoshika G zilizo wazi. Chukua jozi.

MASWALI

Mdau, Nakuru: Kwa hiyo wanapakia DNA ngapi?
— RNA. Mbili. Rudi hatua ya 4.

Mdau, Kakamega: Hakuna video?
— Hakuna. Shika uzi.

Muuguzi, Siaya: Shikamoo mwalimu. RNA ndefu hiyo hiyo ndiyo husomwa na ribosomu, mitambo ya seli ya kuunda protini, kutengeneza Gag. Ipi isomwe, ipi ipakiwe, nani huamua?
— Marahaba dada, hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Hutegemea nakala ilianzia wapi. Ikianza na G moja, hujikunja ikaficha ncha yake na kuacha kitanzi cha kushikana wazi: hiyo hupakiwa. Ikianza na G tatu, ncha hubaki wazi kwa ribosomu. Herufi mbili tu kati ya 9,200! Kila nikilifundisha hili nasisimka.

Muuguzi, Siaya: Na psi ikiondolewa?
— Magamba hujengwa vilevile, ila yanabeba RNA za seli. Mwaka 1983 watafiti Mann, Mulligan na Baltimore waliiondoa kwenye kirusi cha panya, na seli zikatoa chembe zisizo na jenomu (RNA nzima) ya kirusi. Vibebaji vya tiba ya jeni (vinavyopeleka jeni kwenye seli) vilivyotokana na virusi vya aina hii vinafuata njia hiyo: psi huwekwa kwenye uzi wenye jeni la tiba, protini hutoka kwenye uzi usio na psi.

Mdau, Bondo: Sufu inateleza kwenye pini.
— Tumia kibanio cha nguo, cha mbao. Cha plastiki nacho huteleza.