Bidoni ya mupori haina ya kuokota: namna ya kutambua takataka ya kemikali na kuripoti

Hii naandikia zaidi bale benye kwenda kuchoma makala ao kulima njia ya Kipushi, ya Likasi na ya Kasumbalesa (kule Katanga, Congo), juu njo nyinyi munakutanaka na hii bintu mbele ya mutu yeyote. Bidoni ya bluu ya lita 200, ao ya njano ya 25, imetupwa tu na ingali nzuri, ku soko inauzika. Mama mumoja wa kwetu aliokota ya 25, akaisafisha na Omo mara tatu, akatilia munkoyo (kinywaji ya mahindi), batoto bakavimba midomo yote. Tafazali ile bidoni usibebe, hata kama unaona haina kitu ndani.

Kutambua: usikaribie kunusa, angalia chini. Majani imekauka fasi moja na pembeni ingali mabichi, udongo umegeuka nyeupe ao njano, maji iko na rangi ya bluu-kijani (hiyo ni shaba), vyura na samaki bamekufa. Ku mifuko na bidoni, alama ya kichwa cha mufu ni sumu, mukono unaliwa na matone ni asidi ao soda kostiki. Kukikuwa nimero ya tarakimu ine piga foto kwa mbali: 1830 ni asidi sulfuriki, ile banatosha nayo shaba na kobalti mu mawe, 1689 ni sianidi ya sodiamu, 2949 ni hidrosulfidi, ile inaletaka gazi ya harufu ya yai bovu.

Ukisikia harufu ya yai bovu, kimbia kuelekea kule upepo unatokea, na harufu ikipotea usifikiri imeisha, ile gazi ikikuwa mingi inaua pua kwanza, mutu hasikii kitu tena, anaanguka. Njo maana usichome ile mifuko na usimwange kitu juu ya kingine, asidi ikikutana na hidrosulfidi ao sianidi inatosha gazi yenye kuua.

Ikikurukia: vua nguo, mwanga maji safi mingi dakika 20, hapana mafuta, hapana dawa ya meno. Mwenye kunywa usimutapishe, mupeleke hospitali na foto ya bidoni.

Kuripoti: chefu wa mugini kwanza, afunge njia batoto basipite, kisha polisi na serevisi ya Mazingira ku teritware, na Divizio ya Mine. Simu peke inapoteaka, andika barua kopi mbili, moja batie kashe (muhuri) na tarehe urudi nayo. Tia lokalizasio ya WhatsApp, nimero ya kamyo kama uliiona (lakini usifuate shofere, hapana hata kidogo), na hasara yote, mistari ngapi ya mihogo, kisima gani, juu Kodi ya Madini (sheria ya madini ya Congo) ya 2002, ile balibadilisha 2018, artikle 285 bis, inasema mwenye haki ya madini analipa hasara ya kazi yake hata kama hakukuwa kosa. Mutu akikuletea pesa kidogo na karatasi ya kusaini, usisaini peke yako.

Na fanya ile siku ile ile, mvua ikipita haubakie na kitu ya kuonyesha.